Kiti cha Dereva Ambacho Sijakishona

Wambui,

Umeenda kusukwa, na yule msusi wako wa Kaptembwo namjua, hana haraka na kichwa cha mtu, kwa hivyo nina mchana mzima. Nimefunga mlango wa kibanda nusu, nimesukuma cherehani kando, na ninakuandikia juu ya meza ya kukatia reksini za viti. Usishangae karatasi ikinuka gundi.

Sitakuandikia mambo ya sweta. Sitakuambia uombe kabla ya kulala, wala usiachilie pasipoti, wala ule vizuri. Hayo shangazi zako wamekuambia tangu Jumapili, na wengine wao hawajawahi kuvuka hata Gilgil. Mimi nataka tuongee juu ya gari. Ndiyo, ile gari. Usikunje uso. Mwaka mzima tumekaa nyumba moja tukiipita pale nje kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumkaribisha.

Najua unachoamini. Unaamini kwamba mama yako alipoambiwa achague kati ya gari na mtoto, alichagua gari. Hukuwahi kuniambia kwa mdomo. Lakini mwaka huu umenijibu "sawa mum" mara nyingi kuliko miaka mingine yote ukiiweka pamoja, na mimi si mjinga, naijua "sawa" ya kukubali na naijua ile ya kufunga mlango. Kesho unapanda ndege kwenda kwa Wajerumani kusomea unesi. Sitaki uende na hiyo hadithi, kwa sababu si ya kweli. Ile ya kweli ni mbaya zaidi kidogo, lakini ni yangu, na nataka uibebe hiyo.

Nianzie Kariandusi. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na anko wako Gathogo alikuwa kumi na mbili. Magari ya mashindano yalipita kwa ile barabara ya vumbi juu ya machimbo, na sisi watoto tulikuwa tumesimama kwa mtaro tangu asubuhi bila chai. Unaijua ile ardhi nyeupe ya kwetu, ukiikanyaga tu inaruka kama unga. Gari moja fupi, chini chini hivi, ilipita karibu na mimi, ikanipaka nyeupe kutoka nywele mpaka vidole. Nikamuuliza Gathogo, "Ni nani hukaa ndani ya hiyo?" Hakufikiria hata kidogo. Akasema, "Si wewe." Akaendelea kutafuna muwa wake.

Sasa watu husema nilipata wazimu wa gari uzeeni. Uzeeni wapi! Huo wazimu una umri mkubwa kuliko wewe.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la kwanza. Nilibaki na wewe, cherehani moja nzito, na ujuzi wa kushona viti vya magari ambao nilifunzwa na mzee mmoja Singasinga aliyekuwa na karakana mjini, mtu mkali, Mungu amrehemu, aliyenipiga vidole kwa rula kila nilipoacha mshono umelegea. Nikafungua hiki kibanda hapa Rhonda. Unakumbuka ulikuwa unafanyia homework juu ya sponji. Nilishona viti vya teksi, vya lori, vya pikipiki, na polepole nikaanza kupata kazi kutoka kwa yadi za magari kule mjini. Hizo ndizo zilizokulisha. Nataka ulikumbuke hilo ukifika mahali nitakapokuambia nilifanya nini.

Kuna kitu kimoja juu ya kazi yangu sijawahi kukueleza. Kila kiti nikikimaliza, chini kabisa, mahali hapaonekani mpaka ukigeuze, ninaweka mishono mitatu ya uzi mwekundu. Si urembo. Ni kwamba mteja wa hapa anaweza kukuletea kiti kilichoharibiwa na fundi mwingine, akuapie kwa jina la mama yake kwamba ni wewe ulikishona. Sasa mimi ninageuza tu. Kama hakuna wekundu, boss, tafuta mwenye kazi yake.

Basi. Hiyo pesa ya gari niliiweka miaka mingi, na sitakueleza niliiweka vipi kwa sababu uliniona. Chama chetu chote cha akiba kilijua ninaweka, na kila mmoja alikuwa amenipangia. Wanjiku akasema plot. Mama Chebet akasema pickup ya kubeba viazi kutoka Molo. Pastor akasema kwa upole kwamba Bwana hutubariki ili tubariki wengine. Na mimi nikasema nataka gari ya milango miwili, ya Mjerumani, chini chini, ya viti vya ngozi, na nataka kuiendesha mwenyewe. Mwanamume akinunua gari ya starehe anapewa mkono. Mimi niliulizwa ni nani amenipa.

Na mimi, niliyekuwa mkali hivyo kwa chama, siku ya kwenda kununua nikaogopa. Hapo ndipo kosa langu la kwanza liko. Nilijiambia mwanamke hawezi kuingia kwa yadi peke yake, watamkula. Nikampigia Gathogo.

Unamjua anko wako. Hakuna ruracio kwa ukoo wetu ambayo hakuongea. Mahari ya nani hakuipanga? Ana koti lile la kahawia, ana sauti, ana ule mtindo wa kukohoa kabla ya neno. Nikasema kama anaweza kukaa na wakwe wagumu wa Mau Narok mpaka wakacheka, atashindwa na vijana wa kuuza magari? Sikufikiria kitu kidogo sana, kwamba kwa mahari unataka kuwa ndugu na hao watu, na kwa gari hutaki.

Wambui, alienda pale kama anaenda kuposa! Alifika na koti na kofia. Tukakaribishwa kwa ofisi na mwenye yadi, yule wote walikuwa wakimwita Mkubwa, na kijana wake wa kuuza, Brayo. Wakatuletea soda. Gathogo akamaliza soda yake taratibu, akakohoa, akasema, "Sisi tumekuwa tukipita hii njia, na tumeona kwenu kuna kitu kizuri kimetufurahisha." Mkubwa akamwangalia Brayo. Brayo akaangalia viatu vyake, mabega yanamcheza. Na mzee wetu akaendelea tu, akasifu yadi, akasifu changarawe, akasifu gari yenyewe kutoka taa mpaka tairi. Nilipomvuta koti nimwambie hatukuja kuisifu, akaninong'oneza, "Huwezi kufika kwa watu uanze kusema msichana wao ana makengeza."

Halafu akaweka juu ya meza, kwa heshima zote, kiasi chote tulichokuja nacho. Chote. Kwa sababu hivyo ndivyo hufanywa, unaonyesha ulichobeba ndio wale wengine waone hukuwadharau.

Wakati wao wakiendelea na hotuba, Brayo aliniambia, kwa ile lugha ya vijana ya kumwita mama mathe, "Mathe, ingia ujisikie, hii ni clean kabisa, imetoka Japan juzi, haijakanyagwa." Nikaenda nikaingia. Kisaa cha mileji kilikuwa kinaonyesha kilomita chache, chache sana, gari ya mtu wa kwenda kanisani Jumapili na kurudi. Nikashika usukani. Sitakudanganya, nilitoa chozi. Nilisikia harufu ya ngozi, na chini ya ngozi nikasikia harufu nyingine. Gundi. Gundi yangu.

Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya kiti, pale mbele, ukapapasa. Mishono mitatu. Nikainama kama mtu anayetafuta shilingi. Ni myekundu.

Hapo nikakikumbuka hicho kiti. Brayo mwenyewe alikuwa amekileta kwa pikipiki miezi minne kabla, kimefungwa kwa gunia, kiti tupu, sikujua ni cha gari gani. Upande wa kulia, pale dereva hujisugua akiingia, ngozi ilikuwa imeisha mpaka sponji imechomoza. Hicho kilikuwa kiti cha mtu aliyeingia na kutoka miaka na miaka. Na Brayo alikuwa ameniambia, "Mathe, kishone kikae kama hakuna mtu amewahi kukikalia." Nikacheka, nikakishona hivyo hivyo. Na hicho hakikuwa cha kwanza. Hicho kilikuwa labda cha thelathini.

Kwa hivyo jua hili juu ya mama yako. Miaka sita nilikuwa nikificha uongo wa watu kwa uzi mzuri, na nilijua. Sikujua gari gani wala mnunuzi gani, lakini nilijua. Kiti hakisemi uongo, mileji inarudishwa nyuma na kijana mwenye laptop, lakini kiti hubaki kinasema. Kazi yangu ilikuwa kukinyamazisha. Nilijiambia mimi ni fundi tu, ninashona nilicholetewa. Siku hiyo uongo wangu mwenyewe ulikuwa umewekwa namba ya bei, na mnunuzi ni mimi.

Na unajua nilifanya nini? Nilitoka kwa gari, nikapangusa magoti, nikarudi kuketi kando ya Gathogo. Nikanyamaza. Kwa sababu anayeongelewa haongei, si ndivyo tulilelewa? Msichana akiposwa anaulizwa swali moja tu mwisho. Mkubwa akanigeukia akiwa na tabasamu, akauliza, "Mathe, tumeelewana?" Na mimi, mwenye nyumba, mwenye kibanda, mwenye pesa, nikasema, "Ndiyo." Kwa sauti ndogo. Kama bibi harusi.

Wakaandika karatasi, zile pesa za mezani zikawa sehemu ya kwanza, tukakubaliana nitakuja Jumanne kumaliza na kuchukua gari. Gathogo alifurahi njia nzima. Alisema hao ni watu wazuri, wana adabu.

Wewe ulikuwa Form One, uko nyumbani midterm. Nilikueleza jioni hiyo nikipika, nadhani nilitaka mtu acheke. Hukucheka. Ulikuwa unakata sukumawiki, ukasema bila kuinua kichwa, "Na mbona hukusema, mum?" Nikakuambia ni heshima. Ukauliza, "Heshima ya nani?" Nikakukaripia, nikakutuma chumvi na chumvi ilikuwepo.

Jumanne sikumwita Gathogo. Sikuvaa nguo ya kanisa. Nilivaa aproni yangu ya kazi yenye madoa, nikaweka wembe mfukoni, nikabeba chupa ya chai na mandazi matatu kwa sababu nilijua nitakaa. Yadi ilikuwa na watu, wateja kama wanne hivi wanazunguka. Nikamwambia Brayo afungue gari, nimesahau kitu. Akafungua. Nikafungua mlango wote, nikapiga magoti kwa changarawe, nikapasua mshono wa kile kiti upande wa kulia kutoka juu mpaka chini.

Brayo alipiga nduru ungedhani nimempasua yeye. "Mathe! Mathe, unafanya nini?" Mkubwa akatoka ofisini mbio. Nikawaonyesha sponji, imegeuka ya njano, imeliwa, imelala. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Hii gari haijatoka juzi. Hii imekaliwa na mtu mzito kwa miaka mingi. Hiyo saa yenu inasema uongo."

Mkubwa si mjinga. Aliangalia aproni yangu, akaniangalia usoni, akanitambua, na akasema mbele ya wote, polepole, "Si ni wewe ulikishona? Si tulikulipa? Leo unakuja kutuita waongo, na tulikuwa pamoja, sisi na wewe?"

Hapo ndipo miguu ilitaka kunibeba nyumbani. Kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wateja wote wananiangalia. Ningeweza kusema sikujua. Nilikuwa na hilo neno mdomoni tayari, Wambui, limeiva. Badala yake nikainua ngozi ya chini ya kiti, nikaonyesha ule uzi mwekundu, nikasema, "Ni mimi. Nilikishona, nikalipwa, na nilijua ni kwa nini mnataka kikae hivyo. Ndio maana hakuna mtu hapa anakijua hiki kiti kuliko mimi. Sasa tuongee bei ya gari hii, si ile ya gari mliyoniambia."

Akasema bei ni ile ile, karatasi imeandikwa. Nikasema sawa. Nikaingia ndani, nikaketi juu ya hiyo sponji iliyopasuka, nikafunga mlango, nikamimina chai.

"Mathe, toka."

"Sitoki. Nimelipa sehemu, na hii ndiyo sehemu yangu. Nimeikalia."

Nilikaa kutoka saa nne mpaka saa tisa. Mtu akija kuangalia gari ya kando, ninashusha kioo, ninamsalimia vizuri, ninamwambia, "Hiyo nyeupe, kiti cha dereva ni mimi. Na ile ya pale kwa kona pia. Chungulia chini yake utaona wekundu." Walichungulia! Mzee mmoja wa Bahati alicheka mpaka akashika boneti. Mkubwa alikuja mara ya kwanza na kelele, mara ya pili na soda, mara ya tatu alikuja na kalamu. Tukaongea mimi na yeye, mimi ndani, yeye nje, kupitia dirisha. Nikamtajia mileji, nikamtajia rangi ya nyuma ambayo si ya kiwanda, nikamtajia ile sauti ya chini ya gari ikiwashwa ikiwa baridi. Kila nikitaja kimoja nilikuwa natetemeka, na nilitaja hivyo hivyo. Alishuka mpaka mahali ambapo hata mimi niliona haya kidogo, na haya zenyewe nilizimeza. Saa kumi niliiendesha kutoka hapo, nimekaa juu ya sponji.

Nililipa kwa njia nyingine. Yadi yake haikuniletea kazi tena, na nyingine zote zikafuata, watu hao huongea. Ule ndio muhula ulivaa sketi ya shule iliyokuwa imekufupia, ikiishia magotini, ukaniuliza kama tumekuwa maskini. Nilianza kushona viti vya vinyozi na mabenchi ya kanisa. Gathogo hakukanyaga kwetu karibu miaka miwili. Alisema nimerudi kuvunja maneno yake, nimemfanya mzee wa kuchekwa. Hilo liliniuma, bado linaniuma, kwa sababu ndiye aliyenisaidia kumzika baba yako. Lakini sikuomba msamaha, na leo siombi.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini fundi wa viti anaendesha gari iliyopasuka kiti? Watu wa plot walicheka, wewe ulikuwa ukitaka nikuachie kona moja kabla ya geti la shule. Sasa unajua. Ule mshono nimeuacha wazi kwa makusudi. Kila asubuhi nikikaa pale sponji inanisalimia, inanikumbusha kwamba nilisema "ndiyo" wakati nilijua ni "hapana."

Sasa tufike pale pagumu.

Ile Jumapili ya mwaka jana ya mkutano wa karo yako, Gathogo alikuwa amesharudi kwetu, ameketi kwa kile kiti kikubwa. Akakohoa. Akasema familia imeongea, gari iuzwe, mtoto aende Ujerumani. Wote wakaitikia. Nikasimama nikasema, "Gari haiuzwi." Ukatoka nje. Niliusikia mlango. Mwaka mzima ukauza dawa za ng'ombe kwa ile agrovet ya Section 58, ukiweka kidogo, na mimi nikishona usiku na mchana, na watu wakisema yule mama anapenda chuma kuliko damu yake.

Wambui, Jumatatu asubuhi, kesho yake ya ule mkutano, niliipeleka kuuza.

Ulikuwa umelala. Nilisema kwa mkutano haiuzwi kwa sababu sikutaka Gathogo aniamulie mbele ya watu, kiburi tu, basi. Lakini wewe ni mtoto wangu, ningeuza hata cherehani. Kijana wa kwanza alikuja na viatu vyeupe, nikamweleza mileji si ya kweli, nyuma iligongwa, kiti kiko hivi. Akaenda kupiga simu, bado anapiga. Wa pili walikuwa mtu na mkewe, wakasema wataomba kwanza. Halafu nikapata broka mmoja, mtu wa maneno matamu, akaangalia gari, akasema, "Mathe, shona tu hicho kiti, mimi nitengeneze hiyo saa ya mileji, na siku mteja akija wewe nyamaza. Mimi nitaongea."

Akaleta mteja. Alikuwa msichana, pengine amekupita wewe miaka minane, mwalimu kutoka upande wa Subukia, ameweka pesa yake mwenyewe. Alizunguka gari mara mbili bila neno. Halafu akashika mlango kwa kidole kimoja, hivi, kama anaogopa itamfukuza. Nilimjua, Wambui. Nilimjua kabisa, hata kama hakuwa na vumbi jeupe kichwani. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha mwaka wako wote, tiketi na visa na kila kitu. Broka alikuwa akiongea vizuri. Mimi nilichotakiwa ni kunyamaza tu, dakika kumi, kitu ambacho nimekifanya maisha yangu yote.

Nikamwambia kila kitu. Mbele ya broka. Akanishukuru, akafunga mkoba wake, akaenda. Broka aliniita majina ambayo sitaandika.

Kwa hivyo mwaka wako haukuchukuliwa na gari. Ulichukuliwa na mdomo wangu. Ningekuja nyumbani nikueleze, lakini nikaona ni afadhali uniite mkaidi kuliko ujue nilijaribu nikashindwa. Nikanyamaza tena, na wewe! Hilo ndilo ninaloliombea msamaha. La msichana wa Subukia siliombei, hata leo ningemwambia, hata kama ungekuwa umesimama pale unanitazama. Najua hiyo ni ngumu kusikia kutoka kwa mama. Naumia kwa ule mwaka. Nilikuwa nikikuona unatoka asubuhi na koti la agrovet na ninaingia bafuni nalia, halafu ninatoka nakuuliza kama umebeba mwavuli.

Huko uendako watakupa karatasi za kutia sahihi, na watu wema watakuambia usijisumbue, watakusemea. Wengine watakuwa wema kweli, hata Gathogo ni mwema. Waulize tu watasema nini. Na kitu kikiwa si sawa, sema kikiwa bado kidogo, hata na Kijerumani chako cha kuungaunga, hata ukitetemeka. Mimi nilijifunza hilo nikiwa na miaka arobaini na tatu, kwa magoti, kwa changarawe. Wewe uliniuliza ukiwa na kumi na minne ukikata sukumawiki. Umenitangulia mbali, sijui hata kwa nini ninakushauri.

Kesho saa nne Gathogo atakuwa kwa geti na ile van ya kukodi, shangazi zako wote ndani, wimbo tayari. Amekuwekea kiti cha mbele. Ameniambia kwa simu, "Msichana atapanda na watu wake, wewe utafuata." Mimi sikumjibu, kwa sababu wa kuamua hapo si mimi wala si yeye, ni wewe. Nitakuwa nyuma ya hiyo van, injini inanguruma. Nimemaliza kukishona kiti cha abiria leo, kabla sijashika kalamu, ngozi safi, uzi mwekundu chini. Cha dereva kimebaki kilivyo.

Ukitaka van, sema van, mbele ya wote, kwa mdomo wako. Sitanuna. Uongo, nitanuna, nitanuna mpaka Naivasha, lakini nitawafuata mpaka airport.

Ukitaka kuja na mimi, sema hivyo pia. Buti ni fupi na nyuma hakuna nafasi, hilo sanduku lako halitaingia hata tulisukume namna gani. Sanduku liende na Gathogo. Wewe keti hapa.

Mama yako,
Nyokabi